Ngoma ya Walokele na Kubana Data za Toni

Dakika moja ya sauti, ikipimwa mara 44,100 kwa sekunde na kila kipimo kikichukua baiti 2, hula baiti 5,292,000. Katika kuchambua toni mimi hubakiza tu kupanda na kushuka kwa sauti, vipimo 100 kwa sekunde, kisha kila silabi naipa alama moja, Juu au Chini: biti moja. Faili inakuwa nyepesi mno. Konsonanti na irabu zimekwenda.

Walokele, wanaokaa chini ya Kisangani kwenye mto huu huu unaopita Kindu, walibana hivyo hivyo zamani. Ngoma yao ya gogo ina sauti mbili tu. John Carrington, mmisionari wa Yakusu ambaye kitabu chake juu ya ngoma hizo kilitoka 1949, anaonyesha kwamba *songe* (mwezi) na *koko* (kuku) yote ni Juu-Juu. Basi mpigaji huambatanisha kila neno na kirai kirefu, msikilizaji apate kutofautisha. Alichookoa kwenye sauti anakilipa kwa urefu.

Sisi tunaorekodi wazee wa Kilega hatutapata kirai cha kuongeza baadaye. Kwa hiyo alama zangu hukaa kando, na rekodi ya kwanza, isiyobanwa, haifutwi.