Kabla ya Kuuza Mtamba: Somo kwa Waliomaliza Kidato cha Nne na Wazazi Wao

Kila mwaka matokeo ya KCSE yakitangazwa, simu za watoto wetu hapa Kitengela hazinyamazi. Ujumbe unaingia: hongera, umechaguliwa kujiunga na chuo chetu, lete pesa kabla ya Ijumaa nafasi zisiishe. Mtoto hajaomba nafasi popote, hata jina la chuo hicho hajawahi kulisikia, lakini amechaguliwa! Jioni anamwonyesha baba, baba anamwonyesha jirani, na wiki hiyo hiyo mtamba yuko njiani kwenda soko la Ilbissil. Somo letu la leo linahusu siku hizo chache baada ya matokeo, kabla mnyama hajafika sokoni.

Mzee mmoja wa upande wa Isinya alikuja kwetu na barua ya namna hiyo, akitaka tumtangazie harambee. Kijana wake alikuwa amepata D+. Barua ilisema amepewa nafasi ya diploma ya miaka miwili jijini Nairobi, na aje na shilingi 35,000 za kuanzia.

"Mwalimu," akaniambia, "huyu akisoma, sisi tumetoka."

"Mzee, umeiona karo yote mpaka amalize?"

Hakuwa ameiona. Barua haikuitaja.

Tukaanza na ile alama, kwa sababu hapo ndipo uongo mwingi hujulikana mapema. Kwa kawaida, digrii hutaka angalau C+. Diploma hutaka angalau C-. Cheti, au sertifiketi kama tunavyosema, hutaka D. Aliye chini ya hapo huanzia ngazi ya ufundi wanayoiita artisani. Hizo ni alama za mlangoni tu, kwani kozi nyingi hutaka pia alama fulani katika masomo fulani, kama hesabu au bayolojia. Sasa mwenye D+ anapoahidiwa diploma moja kwa moja, mojawapo ya mambo mawili litatokea. Ama atakwama siku ya kusajiliwa mtihani wa taifa, ama atamaliza na karatasi ya chuo chenyewe, ambayo mwajiri ataigeuza-geuza na kumrudishia. Lakini mwenye D+ hajafungiwa mlango. Anaweza kuanza na cheti, akifaulu apande diploma, na wako waliofika digrii kwa ngazi hiyo. Ni safari ndefu, lakini barabara ipo.

Ninasema hivi kwa uchungu, maana na mimi nilipita hapo. Nilipomaliza shule katika miaka ya tisini, marehemu baba aliuza maksai wawili nikaenda kusomea uhasibu kwenye chuo fulani, ghorofa ya tatu juu ya duka la viatu. Tulikuwa na madawati mapya, na mkurugenzi alivaa tai kila siku. Muhula wa tatu tulifika tukakuta mlango una kufuli na kibao kimeng'olewa. Mwenye duka la viatu alituambia hata yeye anawadai. Nilikaa wiki mbili mjini kwa binamu yangu kabla ya kupata ujasiri wa kurudi nyumbani. Baba hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Siku hizo hatukujua pa kuuliza. Leo pako. Vyuo vya kiufundi na vya kazi husajiliwa na TVETA, mamlaka iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 2013. Vyuo vikuu viko chini ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE. Ingia saiba yoyote hapa Kitengela, tafuta jina la chuo katika orodha zao, na hakikisha ni jina lenyewe, si linalofanana nalo. Ukishaliona usifunge kompyuta. Chuo kinaweza kuwa kimesajiliwa, lakini kozi unayoitaka haimo. Mtu anaruhusiwa kufundisha ususi, anaanza kufundisha famasia. Basi uliza kuhusu chuo na kuhusu kozi, yote mawili.

Halafu uliza ni nani atakayetahini. KNEC? CDACC? KASNEB, kama ni uhasibu? NITA, kama ni mtihani wa ufundi? Chuo cha haki kitakujibu palepale bila kukunja uso. Na ikiwa kazi unayoitaka ina bodi yake, bodi hiyo ndiyo yenye neno la mwisho. Muuguzi lazima akubalike na Baraza la Wauguzi, na mhandisi na Bodi ya Wahandisi. Anayetibu mifugo huandikishwa na Kenya Veterinary Board, hata akiwa na cheti au diploma tu. Ukisoma miaka minne halafu bodi iseme haitambui kozi yako, utakuwa na elimu, sikatai, lakini leseni hutapewa. Mambo hayo yamewahi kuwapata hata wanafunzi wa vyuo vikuu vya serikali, kwa hivyo jina kubwa lisikufanye uone haya kuuliza.

Tuje kwa kozi yenyewe. Vijana wengi hunijia wakitaka "kozi yoyote yenye soko." Mimi huwauliza kwanza, soko la wapi? Tazama tulipo. Athi River, hapo jirani, pana viwanda vya saruji na eneo la EPZ. Magadi wamekuwa wakichimba magadi kwa zaidi ya miaka 100. Kitengela kila uchochoro ni mjengo, na kila mjengo unataka fundi wa stima, wa mabomba na wa kuchomelea. Nyuma ya mjengo bado kuna ng'ombe, mbuzi na kondoo wa kaunti nzima, wanaougua na kuhitaji chanjo, na wanaochinjwa wakahitaji mtu wa kukagua nyama. Kozi za afya ya mifugo zinafundishwa AHITI Kabete, na za nyama katika Meat Training Institute hapo Athi River. Kajiado mjini kuna Masai Technical Training Institute kwa kozi za ufundi na biashara. Kule Loitokitok kuna KMTC. Wanaotaka digrii bila kwenda mbali wana Africa Nazarene kule Ongata Rongai, na Daystar ng'ambo ya mpaka wetu na Machakos, ingawa hivyo ni vyuo vya binafsi na karo yake ni ya kupimwa vizuri. Na yule aliyejifunza kuchomelea katika jua kali bila darasa asijidharau, maana NITA humtahini mtu kama huyo kwa "grade test", akapata cheti cha kazi ambayo tayari anaijua.

Sisemi mtoto wa Kajiado asisomee urubani au uanahabari. Asome kama moyo na alama vinamwelekeza huko. Ninachosema ni asichague kozi kwa sababu jina lake linapendeza kwenye harambee. Na zile pakeji za kompyuta za miezi mitatu, ambazo kila mtoto huambiwa afanye akisubiri, ni nzuri, lakini ni kifaa cha kazi, si kazi.

Wengi wataomba kupitia KUCCPS, iliyochukua mahali pa JAB ya zamani chini ya sheria ya vyuo vikuu ya 2012. Ukiomba digrii hapo, watatazama pia masomo manne yanayohusiana na kozi unayoitaka, si gredi yako ya jumla peke yake. Ndiyo sababu watoto wawili wenye B ile ile wanaweza kuitwa kozi tofauti kabisa. Kozi huonyeshwa na alama zilizotakiwa mwaka uliotangulia. Zisome. Weka unayoitamani, lakini weka na ile ambayo alama zako zinaifikia bila kuruka. Ombi ufanye wewe mwenyewe ukikaa karibu na mwenye saiba. Usimwachie nywila yako aendelee peke yake, maana kuna waliojikuta wameombewa kozi ambazo hawakuzichagua.

Sasa pesa, na hapa ndipo nataka tukae kidogo.

Yule mzee aliwaza 35,000 za kwanza. Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme diploma ni ya miaka mitatu, mihula mitatu kwa mwaka, karo 20,000 kila muhula. Mihula tisa ni 180,000. Bado hujalipa mtihani, chumba, chakula, wala ile miezi ya atachimenti ambayo mwanafunzi hufanya kazi kiwandani, mara nyingi bila mshahara, na anakula vilevile. Anayeishi nyumbani Kitengela akisomea Nairobi naye ana nauli. Tuseme ni 150 kwenda na 150 kurudi, siku tano kwa wiki. Kwa wiki 13 za muhula ni shilingi 19,500, karibu sawa na karo yenyewe! Wakati mwingine kitanda karibu na chuo ni rahisi kuliko matatu.

Tena angalia kalenda. Vyuo vingi vya kiufundi hupokea wanafunzi Januari, Mei na Septemba, na wa vyuo vikuu kwa kawaida huripoti kuanzia Agosti na Septemba. Septemba ni wakati gani kwetu? Mvua ndefu ilikwisha Mei, nyasi zimekauka, ng'ombe wamekonda, na kila mzazi amekuja sokoni siku ile ile akitafuta karo. Mnunuzi anajua. Anakupa bei anayotaka yeye. Mwenye mtoto wa kuripoti Septemba auze Juni, mnyama akiwa bado na mwili, aweke pesa benki au kwenye Sacco, na mtu asiiguse. Na ikiwezekana auze maksai kwanza. Mtamba ndiye atakayezaa karo ya yule mdogo anayefuata.

Wale waliosema "tutauza mwaka kesho" walifunzwa vibaya na ukame wa 2009, na tena ule uliokolea 2022 baada ya mvua kukosekana msimu baada ya msimu. Mizoga ilikuwa kando ya barabara ya Namanga, na wanafunzi wakarudi nyumbani katikati ya kozi kwa sababu karo ilikuwa imelala hapo barabarani. Kwa hivyo usiweke kozi yote juu ya migongo ya ng'ombe. Omba mkopo wa HELB, ambayo tangu 1995 imekopesha wanafunzi, na leo hukopesha hata wa vyuo vya kiufundi. Lakini ni deni, lina riba, na litakufuata ukianza kazi. Uliza kuhusu basari mapema, fomu zikitoka, usingoje mpaka umefukuzwa darasani. Mtindo wa serikali wa kugawanya gharama kati ya ufadhili, mkopo na familia ulianza 2023 na ukafikishwa mahakamani, kwa hivyo usitegemee alivyolipiwa binamu yako. Soma barua yako wewe.

Kuhusu kuuza ploti, nitasema kidogo tu kwa sababu nitakasirika. Mtoto akishindwa chuo anaweza kurudi mwaka ujao. Ploti haitarudi. Na kama mama wa nyumba hajaulizwa, hiyo si karo, ni kesi.

Siku ya kuripoti, beba matokeo, cheti cha kuacha shule, kitambulisho, cheti cha kuzaliwa na barua ya kuitwa, pamoja na fotokopi kadhaa za kila kimoja. Lipa kwa njia iliyoandikwa kwenye barua rasmi, kamwe si kwa simu ya mtu anayesema yeye ni wa ofisi ya usajili, na utunze kila risiti. Wiki mbili za kwanza utajiona mjinga kuliko wote. Karibu kila mtu anajiona hivyo, wengine wanaficha tu. Kaa mbele, mjue mwalimu wa kozi yako kwa jina, na usikubali kuhama chumba kwa kufuata marafiki wa siku tatu. Pesa ya matumizi ikiingia, igawe kwa wiki siku hiyo hiyo. Nimeona mkopo wa muhula mzima ukiisha usiku mmoja kwenye simu, kijana akibeti mpira wa Uingereza, halafu akawa anaomba unga.

Turudi kwa mzee wetu. Harambee haikutangazwa Jumapili ile. Alikwenda Kajiado mjini na kijana, wakauliza, na Mei kijana akaanza cheti cha ufundi wa stima. Lakini siku ile alipokuwa akiinuka kuondoka, nilimuuliza kama ana mtoto mwingine aliyemaliza. Akasema ndiyo, kuna msichana, alimaliza mwaka uliopita.

"Alipata nini, mzee?"

"C+. Yuko nyumbani, anamsaidia mama yake."

Nilikaa kimya kidogo. Nikamweleza kwamba KUCCPS imekuwa ikiwafungulia pia waliofanya mtihani miaka iliyotangulia, hasa kwa kozi za vyuo vya kiufundi na KMTC, na nikamwomba aje naye. Alikuja naye wiki iliyofuata, na karatasi ya matokeo ikiwa imekunjwa mara nne ndani ya Biblia ya mama yake. Anataka uuguzi. Ombi lake tumelituma.

Maswali ya kujadili katika kikundi:

Katika boma lako, ni nani aliyemaliza shule na hakuna aliyemuuliza anataka kusomea nini?

Karo ya Septemba ijayo itatoka wapi, na itauzwa mwezi gani?

Kuna mtu kikundini aliye na barua ya chuo? Ailete mkutano ujao, tuisome pamoja kabla hajalipa.