Kifaransa cha Kazini: Mwongozo kwa Wanaoanza Kariakoo

Mwongozo huu ni wa wauzaji wa maduka ya jumla, makeshia, madalali, makarani wa ofisi za kusafirisha mizigo na wahudumu wa nyumba za wageni, kuanzia Gerezani na Mtaa wa Kongo hadi Mnazi Mmoja, wanaotaka kuanza Kifaransa bila kuacha kazi. Hauchukui nafasi ya mwalimu. Unaonyesha pa kuanzia.

Mteja wa Bukavu, Goma au Lubumbashi mara nyingi anaongea Kiswahili, na biashara inakwenda vizuri. Kwa sababu hiyo wapo wanaouliza Kifaransa ni cha nini. Jibu liko kwenye karatasi, na kwa wateja wa mbali zaidi. Anayetoka Kinshasa huja na Kilingala na Kifaransa. Mkomoro aliyesoma amesoma kwa Kifaransa. Ankara na nyaraka za forodha za upande wa Kongo huandikwa kwa lugha hiyo, mzigo uwe umepita Tunduma kwenda Kasumbalesa au umevuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma. Kongo ni mwanachama mwenzetu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2022, na karatasi hizo hazitapungua mezani kwako.

Anza na namba, na uanze kwa sikio

Vitabu vingi humwanzisha mwanafunzi kwa alfabeti, kisha majedwali ya vitenzi. Mtu wa dukani aanze na salamu, kisha aende moja kwa moja kwenye namba, na asiziache mpaka azisikie bila kutafsiri kichwani. Neno ukilikosea, mteja atatabasamu na kukurekebisha. Bei ukiikosea, mmoja wenu anapata hasara.

Mtego wa kwanza unatokana na Kiswahili chenyewe. Sisi tunasema mia tano, mia ikitangulia. Mwanafunzi anageuza neno kwa neno na kusema "cent cinq". Kwa Kifaransa hiyo ni 105. Mia tano ni "cinq cents": idadi ya mamia hutangulia. Vivyo hivyo elfu mbili ni "deux mille", wakati "mille deux" ni 1,002. Zoeza mpangilio huo kwa sauti kila siku, ukitumia bei za bidhaa zako mwenyewe, mpaka ulimi uache kugeuza.

Mtego wa pili ni namba za kuanzia 70. Mfaransa husema "soixante-dix", yaani sitini na kumi, na 90 kwake ni "quatre-vingt-dix", yaani nne mara ishirini na kumi. Mkongo na Mrundi, kwa urithi wa Wabelgiji, husema "septante" na "nonante". 80 tu ndiyo hubaki "quatre-vingts" kwa wote. Kwa Kariakoo, jifunze kusema namna ya Kikongo na kuelewa namna zote mbili. Namna ya Kikongo pia ni salama zaidi. Kwa namna ya Ufaransa, 62 ni "soixante-deux" na 72 ni "soixante-douze", na kwenye kelele za Mtaa wa Msimbazi saa tano asubuhi sikio changa haliwezi kuzitenganisha. Ukisema "septante-deux", hakuna wa kuchanganya. Tofauti ya dola kumi kwa katoni, kwa katoni mia moja, ni dola elfu moja.

Zoezi lake ni hili. Kabla duka halijachangamka, mwenzako achukue stakabadhi za jana na akusomee namba kumi kwa Kifaransa, kila moja mara mbili. Wewe andika tarakimu tu, usiandike maneno. Kisha mbadilishane. Ukiwa peke yako, jirekodi leo kwenye simu na usikilize kesho, wakati umeshasahau ulichosema. Makosa yako utayaona yanajirudia kwenye namba zilezile, na hizo ndizo za kukazania.

Na unapokuwa na mteja halisi, usikubali bei kwa sikio peke yake. Sema "Écrivez, s'il vous plaît", mpe kalamu au kikokotoo aandike mwenyewe. Angalia mwandiko pia: 1 ya mkono wa shule za Kifaransa ina mkia mrefu mbele na inafanana na 7 yetu, huku 7 yao mara nyingi ikikatwa mstari katikati. Kwenye ankara, mkato hutenganisha sehemu ya desimali, na nukta au nafasi hutenganisha maelfu. Kwa hiyo "2,50" ni mbili na nusu, na "1.500" ni elfu moja na mia tano.

Saa nazo zinahitaji uangalifu. Kifaransa huhesabu kuanzia usiku wa manane, tena mara nyingi kwa saa 24. "Huit heures" ni saa mbili asubuhi. "Quatorze heures" ni saa nane mchana. Anayepanga gari la mzigo arudie muda huo kwa lugha zote mbili kabla ya kuagana.

Tafsiri kutoka Kiswahili, usipitie Kiingereza

Wengi wetu tumezoea kujifunza lugha ya kigeni kupitia Kiingereza. Kwa Kifaransa hiyo ni kujizungusha. Sisi tunasema nina njaa, nina kiu, nina miaka thelathini. Mfaransa naye husema "j'ai faim", "j'ai soif", "j'ai trente ans", kwa kitenzi kilekile cha kuwa na kitu. Sifa ya rangi kwetu hufuata jina, na kwao pia: shati jeupe ni "chemise blanche". Hata kiambishi cha mtendwa, kile cha katikati ya "naichukua", hukaa kabla ya kitenzi kwao: "je la prends".

Upatanisho wa kisarufi ndio unaowatesa wanafunzi wengi duniani, lakini aliyekua na ngeli hana sababu ya kuogopa. Anayesema nguo nyeupe, viatu vyeupe na shati jeupe bila kufikiri atazimudu jinsi mbili za Kifaransa. Sharti ni moja: usijifunze jina bila kitambulishi chake. Usiandike "sac", andika "le sac". Usiandike "facture", andika "la facture". Jina likiingia kichwani peke yake, kulirudia baadaye ni kazi kubwa.

Anza na majina ya bidhaa unazouza. Muuza vitenge ajue "le pagne", rangi, na "c'est combien?". Wa jumla aongeze "en gros" na "au détail", yaani jumla na rejareja. Neno "pièce" lina utata kwenye vitambaa. Kwa hiyo usilitegemee kwa urefu; pima yadi mbele ya mteja.

Kuhusu matamshi, jambo kubwa ni kusikia kabla ya kusoma. Konsonanti nyingi za mwisho hazitamkwi: "prix" husikika "pri", "gros" husikika "gro". Ukianza na maandishi utazitamka zote na kuongeza irabu mwishoni, kama tulivyozoea.

Heshima ni ileile ya kwetu. Salimia kwanza, "bonjour", kisha ndipo biashara. Tumia "vous" kwa mteja hata kama ni kijana. Mama wa Kikongo wa makamo hufurahi kuitwa "maman". Kwa wengine, "madame" inatosha.

Muda, vifaa na darasa

Dakika ishirini kila siku zinamfaa mtu wa dukani kuliko saa tatu za Jumapili akiwa amechoka. TV5MONDE wana mazoezi ya bure ya video kwenye intaneti, pamoja na ngazi ya wanaoanza kabisa. RFI hutoa taarifa ya habari ya Kifaransa chepesi. Hiyo isubiri mpaka uwe na miezi kadhaa.

Ukishazimudu namba na salamu, tafuta darasa. Alliance Française iko Upanga, Barabara ya Ali Hassan Mwinyi, si mbali na Mnazi Mmoja. Ulizia madarasa yanayoendana na saa zako za kazi. Anayehitaji cheti alenge DELF, kuanzia ngazi ya A1. Mtihani una sehemu nne, kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza, kila moja alama 25. Kufaulu ni alama 50 kwa jumla, na usipate chini ya 5 katika sehemu yoyote. Cheti hakiishi muda.

Mpaka hapo, usisaini mkataba wa Kifaransa kwa kuelewa nusu yake. Mlipe mfasiri, kaa naye asome kila kipengele kwa sauti, na kwenye bei, idadi na tarehe, fuatisha kwa kidole namba alizozisoma.