Mtoto Kwenda Skuli kwa Baiskeli: Somo Lianzie Mteremkoni

Wazee wengi huamini kuwa mtoto amekwisha kujua baiskeli pale anapoweza kuikanyaga bila ya kuanguka. Katika kisiwa cha vilima na mabonde kama Pemba, huo ni nusu ya ujuzi. Nusu ya pili, iliyo ngumu zaidi, ni kujua kusimama.

Kwanza ni kimo. Baiskeli ya baba haimfai mtoto wa darasa la tano. Anayepitisha mguu ndani ya fremu ili afikie pedeli hana namna ya kutua mguu pale mbuzi anapokatiza njia. Aketipo kitini, vidole vya miguu yote miwili na viguse ardhi. Kiti kikishushwa hadi mwisho na bado havigusi, asubiri akue.

Breki ndiyo inayotaka mazoezi marefu. Mwendo ukiongezeka mara mbili, masafa ya kusimama huongezeka takriban mara nne. Kwa hiyo mtoto apunguze mwendo akiwa juu ya kilima, kabla hajaanza kushuka. Abane breki zote mbili kwa pamoja na kwa utaratibu, kwani ya mbele peke yake, ikibanwa ghafla, yaweza kumrusha mbele ya usukani. Vipira vya breki vilivyorowa hushika ringi kwa tabu, na wakati wa masika udongo mwekundu huteremka hadi kwenye lami na kuteleza kama sabuni. Siku ya mvua kubwa, kutembea si aibu. Kumpakia mdogo wake kwenye keria kungoje mpaka ayamudu haya yote.

Msimu wa karafuu nao una hatari yake: majamvi yanayoanikwa kando ya barabara humsukuma mpanda baiskeli katikati, zinakopita daladala. Wenye kuanika wanaombwa waache nafasi.

Watoto wa kike wasiachwe nyuma. Binti anayetoka mkondo wa mchana na nyumbani kwao ni mbali, baiskeli humfikisha kabla ya magharibi. Kinachomkwaza ni pindo la nguo kuingia katika cheni. Kifuniko cha cheni, pamoja na suruali ndani ya vazi la skuli, huondosha tatizo hilo.

Kabla ya safari ya kwanza, siku isiyo ya masomo, mzazi aipite njia nzima kwa miguu pamoja na mtoto, amwonyeshe kila mteremko na kila njia panda, na pa kushuka akakokota.