Taka za Kiwandani Shambani: Mafunzo Niliyopata Chula

1. Uliza mali imetoka wapi. Sisi wa Chula na visiwa jirani, pwani ya kusini ya Somalia, bahari hutuletea kila kitu. Tsunami ya Desemba 26, 2004 iliripotiwa kupasua makontena ya sumu yaliyodaiwa kutupwa pwani ya Somalia. Mwaka 2005, Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa likaeleza kuwa tani moja ya taka hatari iliweza kutupwa Afrika kwa dola 2.50, ilhali Ulaya ni dola 250. Anayeniletea gunia la "dawa ya ardhi" bila cheti cha maabara hurudi nalo.

2. Metali ya risasi haiozi. Zebaki na kadimi vilevile. Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kilifungwa mwaka 2014, lakini risasi ilibaki udongoni na katika damu za watoto. Kuichanganya na udongo safi ni kuitawanya tu.

3. Ujue udongo wako kwanza. Hapa ndipo wengi huteleza. Tangu karne ya 19, Ulaya husaga mabaki ya matanuri ya chuma na kuyamwaga mashambani, kwa kuwa yana chokaa na fosforasi, na hupunguza uchachu wa ardhi. Kakamega, kwenye udongo mchachu, yangefaa. Lakini Chula, Koyama na Ngumi ni visiwa vya matumbawe. Chokaa tunayo hadi ya kujengea. Ami yangu alinunua jivu la tanuri kutoka Kismayo akalitia kwenye kunde. Majani yakawa manjano, mishipa ikabaki kijani: chokaa ikizidi, mmea hushindwa kunyonya chuma na zinki. Jivu lenyewe halikuwa na sumu. Ardhi ndiyo haikulihitaji.

4. Kwetu inafaa salfa. Gesi ya visima vya Abu Dhabi hutoka na haidrojeni salfaidi, hewa inayoua. Viwanda huitenga, ikabaki salfa ya manjano inayouzwa duniani kote. Vijidudu vya udongoni huigeuza asidi taratibu. Mimi huitia shimoni tu, pamoja na samadi. Kisiwa kizima cha matumbawe hakishindwi na gunia moja.

5. Kumbuka pia mbolea isiyotoka kiwandani: mwani ulioletwa na kusi, ukioshwa chumvi, hauna gharama.

Wakubwa wa bandari ya Kismayo, tunaomba maabara: kila shehena ya mbolea ipimwe kabla haijapakiwa mashuani kuja kwetu.