Dondoo Muhimu: Mbwa Anapopooza Ghafla Miguu ya Nyuma

Mbwa anapoanza ghafla kuburuta miguu ya nyuma, huenda diski, yaani gegedu lililo kati ya pingili za mgongo, imepasuka na kuubana ugwe mgongo, ambao ni fungu la neva linalopita ndani ya pingili hizo. Hata hivyo, kupooza huweza pia kuwa dalili ya kichaa cha mbwa. Kwa hiyo mate ya mnyama asiyechanjwa yasiguswe, na aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha awahi chanjo hospitalini.

Katika vijiji vya delta ya Rufiji, ambako safari ya kufika Nyamisati na hatimaye Kibiti hutegemea boti na kujaa kwa maji, mbwa alazwe juu ya ubao au mlango mkuukuu, afungwe kwa kanga mabegani na nyongani, na ubao uwekwe katikati ya chombo, si omoni, ambako mawimbi hurusha zaidi. Asipewe diklofenaki ya binadamu, maana huweza kumtoboa tumbo na kumharibu figo.

Asipoweza kukojoa, daktari wa mifugo amfundishe mwenye mbwa kukamua kibofu. Mgonjwa apumzishwe kizimbani wiki 4 hadi 6, akigeuzwa mara kwa mara asipate vidonda. Asiyehisi maumivu hata akiminywa kidole kwa nguvu ana matumaini madogo ya kupona bila upasuaji wa mgongo. Kabla ya kumsafirisha hadi hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, ni busara kupiga simu kwanza kuuliza kama upasuaji huo unawezekana.