Anaapa kuacha, kisha anarudia: Ukaidi au maradhi?

YUPO mtu ambaye karibu kila mtaa wa mjini unaye, ingawa majirani hawamjui. Ana mke, ana kazi, na swala ya jamaa haimpiti. Usiku mkewe akishalala, yeye yupo na simu mpaka saa tisa, anatazama picha za uchi. Mshahara unakwenda kwa wanawake ambao hata majina yao hayajui. Alfajiri analia, anatubia, anafuta kila kitu kwenye simu na kuapa kuwa hatarudia. Siku nne hazipiti, amerudi pale pale.

Mtu huyu tumwite nani? Jawabu la barazani ni jepesi: fasiki, hana imani. Wenye huruma kidogo husema, "Muozesheni mke wa pili, atatulia." Majawabu yote mawili hayamfikii pale alipo.

Mwaka 2019 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha toleo la 11 la orodha ya kimataifa ya magonjwa, nalo likaanza kutumika Januari 1, 2022. Humo limo tatizo la mtu kushindwa kudhibiti matamanio na matendo ya kujamiiana. Limewekwa kundi moja na maradhi ya mtu anayeiba vitu asivyovihitaji, na yule anayesukumwa kuchoma moto bila sababu. Kinachowaunganisha ni msukumo unaokuja kwa nguvu, na breki zisizoshika.

Dalili zake ni hizi. Jambo hilo linakuwa ndiyo kitovu cha maisha ya mtu mpaka anaacha afya yake, familia na majukumu yake. Amejaribu kuacha mara nyingi akashindwa. Anaendelea hata baada ya kuvunjika ndoa au kufukuzwa kazi, na hata pale asipopata tena ladha yoyote. Na hali hiyo iwe imedumu miezi sita au zaidi.

Msomaji azingatie kuwa hapo hakuna hesabu ya mara ngapi. Mwenye matamanio makali lakini anayeweza kujizuia si mgonjwa. Orodha hiyo inasema pia kuwa uchungu unaotokana tu na mtu kuona amefanya jambo baya kimaadili hautoshi kumfanya aitwe mgonjwa. Kijana aliyetazama picha mbaya jana na leo moyo unamuuma, huyo anahitaji toba, wala hana haja ya daktari. Kwa hiyo wanaohofia kuwa madaktari wanataka kila dhambi iitwe ugonjwa wasome vizuri.

Ni kweli wataalamu wenyewe hawajakubaliana kwa kila kitu. Mmarekani Patrick Carnes aliandika tangu mwaka 1983 kuwa huu ni uraibu kama wa pombe. Madaktari wa akili wa Marekani walipotoa mwongozo wao mwaka 2013 walikataa kuliingiza tatizo hili. Wanabishana kuhusu jina na kundi lake. Mtu anayeteseka anabaki yupo.

Turudi kwa mke wa pili. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, walipima ubongo wa wanaume 19 wenye tatizo hili wakiwa wanaoneshwa picha za ngono, wakawalinganisha na wanaume wengine. Sehemu zilizochangamka zaidi ni zile zile zinazochangamka kwa mraibu wa dawa za kulevya anapooneshwa dawa. Hamu ya wanaume hao ilikuwa kubwa kuliko ya wenzao, lakini starehe waliyoipata haikuzidi. Hamu na ladha zimeachana njia! Utamshibishaje mtu wa namna hiyo kwa kumuongezea chakula? Wengi hukimbilia tendo hilo kuzima huzuni, upweke au wasiwasi, na hayo nikaha haiyafuti. Tena ni dhulma kumuozesha binti wa watu awe dawa ya maradhi asiyoyajua.

Mwenye kudhani yote haya ni ukaidi tu, amtazame mzee mwenye ugonjwa wa kutetemeka uitwao Parkinson. Baadhi ya dawa zake huiga kazi ya dopamini katika ubongo. Wapo wazee waliokuwa wastaarabu maisha yao yote, wakaanza kucheza kamari au kufuata wanawake baada ya kupewa dawa hizo, na zilipopunguzwa au kubadilishwa wakatulia.

Lakini maradhi si kibali. Mwenye kubaka, au kugusa mtoto, ana mashitaka ya kujibu chini ya sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 hapa Tanzania, na asitafute kichaka hapa.

Kinachowazuia Waislamu wengi kutafuta tiba ni hoja moja nzito: tumeamrishwa kusitiri madhambi yetu, vipi nikamsimulie daktari? Imam Nawawi katika kitabu chake Al-Adhkaar ameeleza kuwa kinachochukiza ni kuyatangaza. Ama kumweleza sheikh au mfano wake, mtu anayetarajiwa kumuonesha njia ya kutoka katika maasia, hapana ubaya, bali ni jambo zuri. Daktari na mnasihi anayetunza siri wanaingia humo.

Tiba yenyewe kwa sehemu kubwa ni mazungumzo ya wiki nyingi. Mgonjwa anajifunza kutambua saa na hali ya moyo inayotangulia anguko: ugomvi, uchovu, kubaki peke yake. Anajifunza kuikatiza mapema, hata kwa jambo dogo kama kulaza simu nje ya chumba. Wapo wanaopewa pia dawa za sonona, kwa uamuzi wa daktari. Mke naye apime afya yake, wala asijilaumu kwamba hakumtosheleza mumewe. Tatizo halikuanzia kwake.

Muhimbili ina idara ya magonjwa ya akili, na Dodoma ipo Mirembe. Anayekwenda huko hana haja ya kuanza na kisa chote. Inatosha aseme: "Daktari, nimejaribu kuacha, nimeshindwa."