Mpiga Ngoma Aliyekaa Kimya

Somo la wiki: 1 Wakorintho 12:14-26



Desemba iliyopita familia kadhaa tulitoka Al Garhoud jioni, wengine tukiwa tumemaliza zamu uwanja wa ndege, tukaenda kusikiliza okestra na kwaya katika "Messiah" ya George Frideric Handel. Ni muziki wa enzi ya Baroko. Handel aliutunga mwaka 1741 kwa siku 24 hivi, na ukaimbwa hadharani kwa mara ya kwanza mjini Dublin tarehe 13 Aprili 1742. Mapato ya siku ile yalisaidia hospitali mbili na wafungwa wa madeni.

"Haleluya" ya Handel tunaijua tangu nyumbani. Kwaya zetu huiimba kwa Kiswahili wakati wa Krismasi na Pasaka, mara nyingi kwa kinanda kimoja tu. Lakini wengi wetu hatukuwahi kuisikia na okestra nzima. Kabla ya kuanza, obo, ala inayofanana na zumari ya pwani, ilitoa sauti moja, na fidla zote zikajipatanisha nayo. Muziki ulipoanza, sauti nzito tulizisikia mpaka kifuani.

Nyuma kabisa alikaa mpiga ngoma mbele ya ngoma mbili kubwa za shaba. Saa nzima ikapita, hajapiga. Mtoto mmoja akamuuliza mama yake, "Mama, mbona yule hafanyi kazi?" Tukaanza kumtazama. Macho yake yalikuwa kwenye nota. Mara mojamoja aliinama, akatega sikio karibu na ngozi ya ngoma na kuigusa kwa kidole, kuhakikisha haijalegea.

Zaidi ya saa moja na nusu ikapita. Ikafika "Haleluya", watu wakasimama, na ngoma zikalia. Katika kazi yote ile ndefu, Handel alizipa ngoma sehemu mbili tu: hapo na katika kwaya ya mwisho. Hata hivyo, mpiga ngoma alikuwa na kiti chake tangu mwanzo, na hakuna aliyemwambia aondoke jukwaani.

Wapendwa, hapo tulimkumbuka ndugu yetu mmoja, ambaye ameturuhusu tuseme haya. Alipoteza kazi, akaacha kuja ibadani. Hatukumfukuza. Ila kwenye grupu letu la WhatsApp tulituma orodha ya michango kila wiki, na mbele ya jina lake hapakuwa na kiasi. Yeye aliisoma orodha ile kama barua ya kumwondoa. Nasi tukachelewa kumpigia simu.

Mtume Paulo anafundisha kwamba kiungo kinachoonekana dhaifu kinahitajika mwilini. Anayesubiri kazi au viza bado ni wa kwetu, na kiti chake ni chake. Kuanzia wiki hii orodha ya michango haitakuwa na majina.

Maswali ya kujadili nyumbani:
1. Ni nani hatujamwona ibadani mwezi huu? Nani atampigia simu leo?
2. Unaposubiri, unafanya nini ili ngoma yako isilegee?
3. Watoto: mngemjibu nini yule mtoto aliyeuliza?

Tuombeane. Amina.